Uasi wa Baba na Uasi wa Mwana katika Beneath the Lion's Gaze

Riwaya ya Maaza Mengiste, Beneath the Lion's Gaze, iliyotolewa mwaka 2010, husomwa mara nyingi kama hadithi ya mapinduzi ya Ethiopia. Usomaji huo una haki yake, lakini haufiki kwenye kiini. Historia yenyewe inajulikana: mnamo Septemba 1974 wanajeshi wa Derg walimwondoa madarakani Haile Selassie, wakatangaza ujamaa, na katika miaka ya 1977 na 1978 wakaendesha mauaji yaliyoitwa Ugaidi Mwekundu. Mwandishi anauliza swali la karibu zaidi: katika nyumba moja ya Addis Ababa iliyogawanyika, mwasi hasa ni nani?

Mwanzoni jibu laonekana rahisi. Hailu, daktari mwenye heshima, anaamini kazi, nidhamu na utii. Yonas, mwanawe wa kwanza, anakimbilia sala. Dawit, kitinda mimba na mwanafunzi, anahudhuria mikutano ya siri licha ya makatazo ya baba, na ugomvi wao unapamba moto wakati mama yao, Selam, yu mahututi hospitalini. Msuko huu umezoeleka: kijana huanza kwa kumpinga mzazi, kisha huipinga serikali.

Mengiste anaupindua msuko huo. Askari wanamletea Hailu msichana aliyeteswa vibaya, wakimwamuru amponye ili arudishwe kwa watesaji wake. Hapo uganga wenyewe umefanywa kuwa sehemu ya mateso. Hailu anampa sumu, naye anatiwa gerezani. Mzee aliyemfunza mwanawe kunyamaza ndiye anayetenda uasi mzito kupita wote, bila kaulimbiu na bila chama. Dawit, kwa upande wake, anaokota maiti barabarani ili jamaa zao wapate kuwazika. Matendo haya mawili yana shina moja, yaani wajibu kwa anayekufa na kwa aliyekufa, wajibu ulio mkongwe kuliko utawala wowote. Hoja hazikuweza kuwapatanisha baba na mwana, matendo yanawakutanisha.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu. Meja Guddu, anayemwakilisha Mengistu Haile Mariam, amechorwa kama mhusika bapa, na ukatili wake hauna chanzo. Mvuto wa ujamaa kwa vijana nao umeguswa juujuu. Tangu mwaka 1965 wanafunzi wa Addis Ababa walidai ardhi wapewe wanaoilima, na Machi 1975 Derg ilitaifisha ardhi ya vijijini. Asiyeonyeshwa ukubwa wa tumaini hilo hawezi kupima uchungu wa kusalitiwa kwake. Mickey, rafiki wa Dawit aliyeingia jeshini na ambaye woga unamgeuza kuwa chombo cha watawala, anaziba pengo hilo kwa sehemu tu.

Kasoro hiyo haiondoi thamani ya dhamira kuu. Derg ilianguka Mei 1991, na kaulimbiu zake zimesahauliwa na wengi. Kipimo cha riwaya hii kinabaki: mtu hujulikana kwa lile analolitenda pindi mwili wa mwenziwe unapowekwa mikononi mwake, akiwa anajua gharama ya kutotii.