Kitovu cha Mrukaji: Uhakiki wa Picha Moja na Istilahi Zetu

Wengi wenu mmekwisha kuiona ile picha ya mwaka 1907. Kijana wa Kinyarwanda yuko hewani juu ya ufito, na chini yake wamesimama wanaume wawili wa Kizungu. Picha hiyo ilitokana na msafara wa mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliyepita nchini wakati wa Mwami Yuhi Musinga. Mchezo wenyewe ni gusimbuka urukiramende, na msafara uliripoti mruko wa mita 2.50. Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuihakiki picha hiyo kwa Kiswahili. Katika kusahihisha tulifanya kosa, na kosa hilo ndilo lililozaa makala hii.

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba katika mtindo wa kuruka kwa mgongo, ule alioutumia Dick Fosbury kushinda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kitovu cha uzito cha mrukaji huweza kupita chini ya ufito ilhali mwili wote unapita juu. Tulimkata alama mbili na kuandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba kitovu hakitoki mwilini. Mwenzetu anayefundisha fizikia alicheka sana alipoiona karatasi ile. Mwanafunzi alikuwa sahihi, na alama zake tumemrudishia.

Neno ndilo lililotupotosha. Kwa mtu aliyesimama wima, istilahi hii ina bahati yake, kwa kuwa pointi inayotajwa iko chini kidogo ya kitovu chenyewe. Lakini mtu akijipinda, pointi hiyo huhama. Tazama ingata, ile kata ya kuwekea mzigo kichwani: kitovu chake cha uzito kiko katikati ya tundu, mahali pasipo na jani hata moja. Mwili uliopindwa kama upinde hufanya vivyo hivyo. Hatusemi istilahi ifutwe, ila mwalimu anayeitaja bila kuonyesha ingata anamwachia mwanafunzi picha ya tumbo.

Tatizo la pili linatuhusu zaidi sisi wa Kigali. Karibu insha zote zilisema kwamba kijana yule aliruka "kwa nguvu kubwa". Kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda, nguvu inamkumbusha ingufu, na ingufu ni neno analolisikia kila siku likitumika kwa umeme, yaani nishati. Hivyo neno moja linabeba kani, nishati na hata afya ya mwili. Wapo wanaolidharau neno kani kwa kuwa halisikiki sokoni. Sisi tunadhani hiyo ndiyo faida yake: halina mzigo mwingine, na mwanafunzi hulipokea likiwa jipya.

Tulijaribu kulitumia. Tuseme mrukaji ana tungamo la kilo 70, na anataka kukiinua kitovu chake cha uzito kwa mita 1 baada ya kuacha ardhi. Lazima aondoke na kasi ya wima ya takriban mita 4.4 kwa sekunde. Kama mguu wake unakanyaga kwa sekunde 0.2 tu, ardhi inapaswa kumsukuma juu kwa kani ya wastani wa nyutoni 2,200 hivi, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Jaribu kuiandika hesabu hii kwa neno "nguvu" peke yake, na kwa "uzito" uleule ukimaanisha kilo na nyutoni pamoja!

Turudi kwenye picha. Insha nyingi zilishangilia kwamba babu zetu walivunja rekodi ya dunia, kwani mita 2.00 zilivukwa rasmi na George Horine mwaka 1912, na rekodi ya Javier Sotomayor ya mwaka 1993 ni mita 2.45. Ulinganisho huo haufai. Warukaji wa urukiramende walikanyagia kichuguu kidogo au jiwe. Kikiwa na sentimita 30, mita 2.50 zinabaki 2.20. Kwa upande mwingine, walitanguliza miguu, bila ile hila ya mgongo, kwa hiyo kitovu chao kililazimika kupanda juu zaidi. Jiwe liliwapunguzia kazi, mtindo ukawaongezea. Anayesema ni uongo mtupu naye hajahesabu.

John Bale, katika kitabu chake Imagined Olympians cha mwaka 2002, alikwisha kuonyesha jinsi Wazungu walivyoitazama miili ile kwa macho ya michezo yao. Sisi tunaongeza hili: wakoloni waliueleza mruko kwa nasaba ya mrukaji, na nchi hii inajua hesabu ya namna hiyo ilitufikisha wapi. Insha mbili zilirudia maelezo hayo bila kuyahoji, na hizo ndizo zilizotusikitisha kuliko zote. Kani ya ardhi haiulizi ukoo wa mguu.

Bado tunatafuta jina zuri la kile kichuguu cha kukanyagia. "Kikanyagio" kinanukia baiskeli mno. Wasomaji ambao wazee wao waliuona mchezo huu, tunawaomba watuletee neno lililotumika nyumbani kwao, hata kama ni la Kinyarwanda.