Gari la Kupanda Soni: Mjerumani au Mjapani?

Ukitaka kulijua gari, lipandishe Soni. Barabara ya kutoka Mombo huacha joto la tambarare na kupanda zaidi ya mita 700 katika mwendo usiofika kilomita 20, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Mara nyingi utaipanda nyuma ya Fuso ya kabichi inayojikokota, huna pa kuipita, na upepo wa kupooza rejeta ni haba. Hapo ubishi wa Mjerumani na Mjapani hupata hakimu wake.

Msimamo wangu nautoa mapema: anayeishi Soni, Bumbuli au Lushoto, na ana fedha ya gari moja tu, anunue la Kijapani. Si kwamba Mjerumani hajui kazi. Anaijua sana, na kwa breki na utulivu wa bodi bado anamshinda Mjapani wa bei ileile. Tatizo ni umbali kati ya kilichoharibika na mkono wa kukitengeneza. IST ikikufia njiani, fundi wa kando ya barabara keshaifungua injini hiyo mara nyingi, na spea ikikosekana Mombo italetwa na basi kutoka Korogwe au Tanga. BMW ikikufia hapohapo, kwanza utafute mwenye kompyuta ya kuisoma, ndipo uagize spea Dar es Salaam, na siku zote hizo gari limelala huku wewe unalipa nauli.

Ukaguzi uanze kwenye mfumo wa kupooza injini. Fika kwa muuzaji asubuhi kabla hajawasha. Atakwambia, "Mgosi, gari halina tatizo hata moja." Mwitikie kwa heshima, kisha gusa injini, ikiwa ya moto, rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kofia ya rejeta. Unataka kulanti safi yenye rangi yake. Maji ya rangi ya kutu maana yake gari limenyweshwa ya bomba kwa muda mrefu. Ukiona mafuta yanaelea, au oili imegeuka kama maziwa, gasketi ya silinda hedi imekwisha; aga uende zako. Utando mwembamba mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, asubuhi za baridi za Juni na Julai huku milimani huuleta. Uliza pia kama thermostati ipo. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, likaonekana limepona, kumbe ugonjwa umefichwa na injini inakula mafuta kwa kutofikia joto lake.

Kwa gari la Kijerumani, washa tochi na ukae hapo zaidi. Tanki la maji ni la plastiki: likiwa jipya ni jeupe, likizeeka huwa la njano, kisha kahawia, na nyufa huanzia kwenye maungio. Fuata kila mpira ukitafuta alama ya kulanti iliyokauka, ya bluu kwa BMW, ya waridi kwa Volkswagen. Volkswagen nyingi za TSI zina nyumba ya thermostati ya plastiki inayovuja ikichoka. BMW nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina pampu ya maji ya umeme, na hiyo inaweza kufa bila kudondosha hata tone. Pampu ya IST huzungushwa na mkanda ulio nje. Ikichoka hulia na kuvuja kwanza. Mimi kitu kinachotoa taarifa kabla ya kufa nakiita bora, hata kama ni cha bei ndogo.

Gia boksi nayo ipimwe mlimani. DSG ya gia 7 yenye klachi kavu hupata taabu kwenye mwendo wa kutambaa, na mwaka 2013 Volkswagen iliagiza magari yenye gia boksi hiyo yarudishwe kutengenezwa huko China, Japani na Australia. Ikitetemeka unapoondoka kwenye kona, iache. Usidhani Mjapani yuko salama kote: CVT iliyokosa mafuta yake hupoteza nguvu ikipata moto, na kwa upande wa injini, Noah za D4 hujaa masizi kwenye njia za hewa. IST ya kwanza, yenye gia 4 za kawaida, haina makuu.

Sasa geuza, shuka Mombo. Tumia gia ndogo, lakini breki uzikanyage vya kutosha uzijue. Hapa Mjerumani anavutia kweli: gari zito linakaa chini, usukani hautikisiki, pedali inabaki juu mpaka bondeni. Pedali ikizama kidogokidogo, huenda mafuta ya breki yamenyonya maji. Kumbuka tu kwamba diski za Mjerumani huliwa pamoja na pad, hivyo mara nyingi utanunua vyote viwili.

Kwa gharama, tazama mbali kuliko bei ya kununulia. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 na mzigo ukahamia kwenye mafuta, hivyo gari la kunywa sana hukutoza kodi kila unapojaza. Bei ya Mjerumani aliyetumika huanguka haraka. Ni raha kwa mnunuzi, ila nawe utauza.

Ubishi wenyewe una mipaka. Hiyo Fuso ya kabichi tunayoiita ya Mjapani, hisa nyingi za kampuni yake zilinunuliwa na Daimler wa Ujerumani miaka ya 2000. Na Benz W124, iliyoanza 1984, ni chuma ambacho fundi makini wa Lushoto anaweza kukifuata kwa spana. Angalia tu nyaya za injini kwa zile za miaka ya 1990, mpira wake hupukutika.

Kama moyo wako uko kwa Mjerumani wa kisasa, pata bei ya tanki, pampu, thermostati na diski kutoka duka la Dar es Salaam kabla ya kwenda kwa muuzaji. Ziandike kwenye karatasi, muoneshe, na uombe zipunguzwe kwenye bei yake. Akikubali, badilisha vifaa hivyo vyote Mombo au Korogwe kabla gari halijapanda hata kona moja.