Buti la Karne ya 16: Kwa Nini Anayeanza Ashone Soli Mbili

Anayetaka kujishonea mabuti marefu ya Renesansi, yale ya wapanda farasi wa Ulaya yaliyofika hadi pajani, mara nyingi huogopa mahali pasipostahili kuogopwa. Huutazama ule mshono mrefu wa muundi akadhani ndio utakaomshinda. Mshono huo unataka subira tu. Ugumu uko chini, pale ngozi ya juu inapokutana na soli, na ndipo hapo mafundi wa Ulaya walipoubadili ufundi wao kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Mabadiliko hayo yalipitia njia ya katikati ambayo vitabu huitaja kwa haraka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi.

Kwa karne nyingi kiatu cha Ulaya kilishonwa ndani-nje. Fundi aliunganisha ngozi ya juu na soli moja huku upande wa ndani ukitazama nje, akakilowesha kiatu maji, kisha akakigeuza kama foronya ya mto. Mshono ulibaki umefichika ndani, uzi haukugusa ardhi, na hapakuhitajika msumari wala gundi. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa: soli lazima iwe nyembamba. Ngozi ngumu ya milimita 5 haikubali kugeuzwa bila vita, na soli ya milimita 3 haivumilii barabara ya mawe kwa muda mrefu.

Ufumbuzi ulienea kuanzia mwaka 1500 hivi. Kiatu kilishonwa kikiwa kimesimama wima juu ya kalibu ya mti: ngozi ya juu, soli ya ndani na ukanda mwembamba wa ngozi uliozunguka ukingoni, vyote kwa mshono mmoja. Kisha soli nene ya nje ikashonwa kwenye ule ukanda. Hakuna kilichogeuzwa tena, kwa hiyo soli ya nje ikawa nene kadiri fundi alivyotaka. Ikiisha, unakata uzi wake na kuweka nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Viatu vya namna hii vimo kati ya mamia yaliyopatikana katika Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Uzi wa kitani ulikwisha kuoza humo majini, lakini ngozi ilibaki, na matundu ya sindano yangali yanasomeka. Matundu hayo ndiyo mwalimu wetu mkubwa. Umbali kati yao, pembe yake, na kama yametoboa ngozi nzima au yametokea ubavuni, huonyesha jinsi mkono wa fundi ulivyokwenda.

Njia ya katikati inachanganya hizo mbili. Kiatu kinashonwa ndani-nje kwa soli nyembamba, lakini kati ya soli na ngozi ya juu unapachikwa utepe wa ngozi wenye upana wa sentimita moja na nusu hivi. Kikigeuzwa, utepe huo unachomoza nje kuzunguka wayo wote, na juu yake ndipo inaposhonwa soli ya pili, nene. Mwanafunzi anafaidika kwa sababu kazi moja ngumu imegawanywa kuwa mbili za wastani. Sehemu ya kugeuzwa ni laini, hivyo inageuka. Sehemu inayobeba uzito wa mwili inashonwa mwishoni, juu ya kiatu ambacho tayari kimevaliwa na kujaribiwa mguuni. Mshono wa soli ya nje ukipinda, unafumuliwa na kurudiwa, na buti halijaharibika.

Mshono wenyewe wa ndani unahitaji maelezo. Msharasi uliopinda unatoboa ngozi ya juu na utepe moja kwa moja, kisha unaingia kwenye soli kwa upande wa nyama na kutokea kwenye unene wa ukingo wake, bila kufika uso wa pili. Yaani tundu linachimbwa kama njia ya chini kwa chini. Hapo ndipo soli inapohitaji angalau milimita 3: ikipungua, msharasi unapasua ukingo. Uzi ni wa kitani, umepakwa nta na lami, na una ncha mbili zinazopita katika tundu lilelile zikipishana kutoka pande mbili. Mafundi wa zamani walifunga unywele mgumu wa nguruwe kwenye kila ncha badala ya sindano, kwa kuwa unywele hujipinda kufuata tundu. Leo sindano butu mbili zinatosha. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba mshono wa ncha mbili ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, tofauti na mshono wa ndoana unaovuta kitanzi juu ya kitanzi. Milimita 5 au 6 kutoka tundu hadi tundu ni kipimo kizuri kwa soli. Kuzidisha matundu kwa kudhani unaimarisha mshono ni kuitoboa ngozi mpaka ichanike kwa mstari.

Buti refu linaongeza shida ambayo kiatu kifupi hakina: kulivaa. Kipimo kinachoamua si mzunguko wa kifundo cha mguu, bali ule unaoanzia chini ya kisigino na kupanda kwa mshazari hadi pale mguu unapoanza kuinuka kuelekea muundi. Kwa mwanamume wa wastani ni kama sentimita 33 hadi 35, na ni mkubwa kuliko kifundo kwa sentimita nyingi. Ukikata ngozi ikumbatie kifundo, kisigino hakitapita hata ukipaka sabuni. Kuna njia mbili za kweli: kuacha nafasi na kukubali mikunjo, au kuacha mpasuko ufungwao kwa kamba au vifungo. Mpasuko hula muda, lakini hutoa buti linaloshika mguu. Na ngozi ya muundi ishonwe baada ya wayo kugeuzwa. Kugeuza bomba zima la ngozi iliyolowa ni adhabu isiyo na faida.

Kiolezo kitokane na mguu wenyewe: vaa soksi kuukuu, zungusha utepe wa karatasi wenye gundi juu yake, chora mistari ya mishono, kata, ulaze bapa. Kishone kwanza kwa kitambaa kizito. Ngozi inavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na upande usiovutika ndio uelekezwe kutoka kisigino hadi vidole, la sivyo kiatu kitarefuka kadiri kinavyovaliwa. Soli ikatwe mgongoni mwa ngozi, kamwe isitoke tumboni.

Aina ya ngozi haina mjadala. Itafutwe iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kama Ulaya walivyotumia mwaloni. Kwetu Njombe miwati inapandwa kwa ajili ya magome hayohayo, na ngozi ya namna hiyo, ikilowa, hufuata umbo la mguu na kulishika ikikauka. Ngozi ya kromiamu, iliyoanza katika karne ya 19, hurudi ilivyokuwa kama mpira na haitakupa kisigino kilichotulia.

Kisigino hicho kiwe bapa. Visigino vilivyoinuliwa vilianza kuenea Ulaya miaka ya mwisho ya karne ya 16, kwa hiyo buti la miaka ya 1540 lenye kisigino cha mbao ni vazi la jukwaani.

Baada ya kugeuza, jaza wayo vitambaa vikavu, kandamiza mshono kwa mgongo wa kijiko cha mbao ukae, na uache buti likauke kivulini kwa siku kadhaa. Moto hukakamaza ngozi na kuipasua. Soli ya pili ishonwe wakati ya kwanza imekauka kabisa, kwa kuwa ngozi iliyolowa hunywea na nyuzi hulegea. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa pamoja na nta yapakwe mwisho kabisa, yakiwa vuguvugu, na yasuguliwe zaidi pale utepe unapokutana na ngozi ya juu, maana maji yakiingia yatapita hapo.