Kiingereza katika Namibia: Uhakiki wa Hoja za Lusaka

Katika mwaka 1981 Taasisi ya Umoja wa Mataifa kwa Namibia, ambayo makao yake yalikuwa Lusaka, ilitoa kitabu kiitwacho "Toward a Language Policy for Namibia", kilichoeleza kwa urefu sababu za kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya serikali siku nchi hiyo itakapojitawala. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi, 1990, na kifungu cha 3 cha Katiba kikatamka ya kuwa lugha rasmi ni Kiingereza. Ni nadra shauri la wataalamu kufuatwa kwa ukamilifu namna hii. Kwa hiyo hoja zake zastahili kupimwa upya, hasa kwa kuwa nchi nyingine zingali zikishawishiwa na hoja zizo hizo.

Kitabu hicho chaweka mizani minane ya kupimia lugha: umoja wa taifa, kukubalika kwa watu, kuzoeleka, uwezekano wa kuitumia, sayansi na ufundi, umoja wa Afrika, mawasiliano mapana, na Umoja wa Mataifa. Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini ataona ya kuwa mizani minne ya mwisho yote yaelekea nje ya nchi. Lugha yo yote ya wenyeji, hata ikiwa na wasemaji wengi kiasi gani, ilikuwa imekwisha kushindwa nusu ya shindano kabla ya kupimwa. Hapana mzani hata mmoja uliouliza mtoto wa darasa la nne ataelewa nini, wala mama aliyeitwa barazani kutoa ushahidi atajieleza kwa maneno gani. Hilo ndilo kosa kubwa la kitabu, na ni kosa la kipimo kabla ya kuwa kosa la hukumu.

Ni haki, hata hivyo, kukumbuka hali ya wakati ule. Kiafrikana ndicho kilichokuwa kimezoeleka kuliko Kiingereza, hasa kusini na mijini, lakini kilikuwa lugha ya utawala wa Afrika Kusini, na damu ya wanafunzi wa Soweto waliokikataa mwaka 1976 haikuwa imekauka mioyoni mwa watu. Kiingereza kilionekana kuwa lugha ya wakimbizi waliosoma ng'ambo na ya kutetea haki mbele ya mataifa. Kukikataa Kiafrikana kulikuwa na sababu njema. Lakini kukataa lugha moja si hoja ya kutosha ya kuchagua nyingine, na hapa kitabu chavuka mto pasipo daraja.

Hoja ya umoja ndiyo yenye nguvu zaidi kwa wengi, nayo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa. Yasemwa ya kuwa Kiingereza hakina kabila, basi hakimpendelei mtu. Kwa kweli chawapendelea waliokisoma, na hao hawakutawanyika sawasawa katika nchi. Kwa sensa ya 2011, Kiingereza kilikuwa lugha kuu ya nyumbani katika kaya 3.4 tu kwa kila 100, hali Oshiwambo ilikuwa ikisemwa katika karibu nusu ya kaya zote. Labda itajibiwa ya kuwa Oshiwambo yenyewe imegawanyika, maana Oshindonga na Oshikwanyama zina maandishi mbalimbali. Ni kweli, lakini wasemaji wake huelewana, na mgawanyiko huo wa maandishi ulitokana kwa sehemu kubwa na misheni mbalimbali zilizofanya kazi kaskazini, ile ya Kifini katika Ondonga tangu 1870, na ile ya Kijerumani katika Oukwanyama baadaye. Wasomi wa Kiswahili hawawezi kuuona mgawanyiko wa namna hiyo kuwa ukuta usiopandika. Kimvita na Kiunguja navyo vilishindana, na mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja, ingawa manung'uniko ya washairi wa Mombasa hayakwisha. (Ni jambo la kufikirisha ya kuwa baadhi ya wapigania uhuru wa Namibia waliishi Kongwa, katika nchi iliyokuwa ikilikabili suala lilo hilo kwa njia nyingine.)

Matokeo yalidhihirika shuleni. Sera ya baada ya uhuru ilimruhusu mtoto kufundishwa kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, darasa la nne likawa la kuvukia, na baada ya hapo Kiingereza. Mwaka 2011 walimu wenyewe walipimwa Kiingereza chao, na ikatangazwa magazetini ya kuwa 98 kwa kila 100 hawakuwa wamekimudu vya kutosha. Mwalimu asiyeimudu lugha hufundisha kwa kukaririsha, na mwanafunzi hutoka na maneno bila maarifa. Hapo mzani wa sayansi na ufundi, uliokipandisha Kiingereza juu sana, umegeuka kukishuhudia kinyume.

Katiba yenyewe ilikuwa na busara kuliko kitabu. Ibara ya tatu ya kifungu kicho hicho yaruhusu sheria itungwe ili lugha nyingine itumike bungeni, ofisini na mahakamani katika sehemu ambazo wasemaji wake ni wengi. Ruhusa hiyo haihitaji Kiingereza kiondolewe. Yahitaji watunga kamusi, wafasiri wa sheria na fedha za kuwalipa.