Nyapol Hakutaka Kuhama

Ukitaja Grace Ogot hapa Kombewa utajibiwa haraka: wa Asembo, hapo tu jirani, aliwahi kuwa mbunge, mke wa Profesa, mwanamke wa kwanza wa hiki na kile. Sawa. Sasa uliza nani amesoma *The Promised Land*. Kimya. Mimi mwenyewe nina digrii ya fasihi na nimeisoma juzi tu.

Riwaya ilitoka 1966. Ochola amesikia Tanganyika kuna ardhi tele, anataka kuhamia huko. Nyapol, ambaye ndio kwanza ameolewa, hataki, na anasema wazi. Lakini anaenda, maana mke hufuata mume. Huko Ochola anatajirika, jirani mganga anamwonea kijicho, na ngozi yake inaota vipele kama miiba. Hospitali inashindwa.

Mwaka uliofuata mumewe, Bethwell Ogot, alichapisha *History of the Southern Luo*, kitabu kikubwa kuhusu jinsi Wajaluo walivyohama hadi wakafika ziwani. Nakiheshimu sana. Ila historia ya kuhama, vile tulivyofundishwa shuleni, ni ya koo na mababu: fulani alimzaa fulani, wakavuka mto, wakapigana, wakakaa. Kwani hao mababu walivuka peke yao? Grace anaingia ndani ya nyumba, usiku kabla ya safari, na kusikiliza mke anasema nini. Kwangu hiyo pia ni historia, na tumeiacha rafuni huku tukimpigia makofi kwa kuwa "wa kwanza".

Si kwamba riwaya haina doa. Ugonjwa ukishaingia, Nyapol anasukumwa pembeni, na kurasa za hospitali zinajivuta kama matatu inayongoja kujaa. Labda ni ule uuguzi wa mwandishi. Aliusomea Uganda na Uingereza, na inaonekana.

Nilimsimulia Dani hadithi hii tukichambua omena. Miiba haikumshangaza. Aliuliza tu, "Na mke, alirudi?"

Nikamwambia walirudi wote, mali wakaiacha.

"Si alikuwa amewaambia," akasema. Kisha akaanza kunitajia wanawake wa hapa Seme waliofuata waume zao hadi Musoma, mmoja mmoja, kwa majina. Niliweka omena chini nikatafuta kalamu.