Santuri Tatu za "Messiah" ya Handel

Wanaolinganisha santuri za "Messiah" ya George Frideric Handel aghalabu huanza kwa swali moja: ipi kati yake iliyo karibu na asili? Swali hili lina heshima yake, walakini peke yake haliwezi kukata shauri. Handel, Mjerumani aliyezaliwa Halle mwaka 1685 na kupata uraia wa Uingereza mwaka 1727, aliandika utungo huu kwa siku 24, tangu Agosti 22 hata Septemba 14, 1741. Maneno aliyapokea kwa Charles Jennens, aliyeyachagua katika maandiko matakatifu ya Kiingereza. Ulisikiwa hadharani mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742, na fedha zilizopatikana zikasaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Tangu siku hiyo mtungaji hakuacha kuubadili. Alipopata mwimbaji hodari aliyeghani namna yake, alimtengenezea wimbo upya. Alipomkosa, wimbo ule ule alimpa mwingine mwenye sauti ya aina nyingine.

Hali hiyo si ngeni kwa msomaji wa tenzi zetu. Yeye anajua ya kuwa nakala mbili za utenzi mmoja huweza kuhitilafiana katika beti, na kila moja ikawa na nasaba njema. Kazi ya mhakiki haiishi kwa kutaja nakala iliyo kongwe. Hana budi kuonyesha ipi inayochukua maana kwa ukamilifu, na kwa sababu gani. Kwa kipimo hicho nazipima santuri tatu.

Ya kwanza ni ya Sir Thomas Beecham, ya mwaka 1959, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra. Ndani yake muziki umevishwa vazi jipya lililoshonwa na Eugene Goossens, na matoazi yanavuma ambayo Handel hakuyaagiza. Wanachuoni wengi wameicheka. Lakini mwenye kucheka na akumbuke historia. Mwaka 1784 watu zaidi ya 500, waimbaji na wapigaji, walikusanywa Westminster Abbey kumwadhimisha Handel. Na mwaka 1789 Mozart naye aliuongezea utungo huu vyombo vya kupuliza. Beecham ni mrithi halali wa desturi hiyo ya fahari. Katika wimbo wa Haleluya fahari inastahili, maana maneno yanasifu ufalme. Ila yake ni kuwa fahari haijui kupumzika: penye maneno ya unyonge husikika bado mwendo wa gwaride.

Ya pili ni ya Christopher Hogwood, iliyotolewa mwaka 1980, pamoja na Academy of Ancient Music na kwaya ya wavulana na wanaume ya Christ Church, Oxford. Inafuata namna utungo ulivyoimbwa mwaka 1754 katika Foundling Hospital, makao ya London ya watoto waliotupwa. Hapa faida ya elimu ni dhahiri. Utazame wimbo wa kwaya wa kuzaliwa mtoto, katika sura ya 9 ya Isaya. Muziki wake Handel aliutoa katika wimbo wake mwenyewe wa Kiitaliano, wa mtu asiyeamini mapenzi. Kwa hiyo mkazo wa sauti umeangukia neno dogo la kwanza ambalo Mwingereza asemapo hulipita upesi. Kwaya kubwa hulikanyaga neno hilo mpaka sentensi ikachechemea. Wavulana wa Oxford hulipita kwa wepesi, na maana husimama sawa. Hata hivyo, santuri hii ina staha iliyozidi. Kila kitu kimeoshwa na kupangwa, na mara nyingine msikilizaji huona nyaraka kuliko watu.

Ya tatu ni ya Colin Davis, ya mwaka 1966, pamoja na London Symphony Orchestra. Vyombo ni vya siku zetu, lakini kwaya imepunguzwa na mwendo umechangamshwa. Ubora wake hudhihirika katika wimbo wa kudharauliwa kwa Masihi, wa sura ya 53 ya Isaya. Handel ameukatakata wimbo huu kwa vimya vifupi, na fidla humaliza kile ambacho sauti imeshindwa kusema. Katikati nyuzi hupiga kama mijeledi, kisha huzuni ya kwanza hurejea. Dublin uliimbwa na Susanna Cibber, mwigizaji wa michezo ya kuigiza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na jina lake lilikuwa limechafuliwa na kesi za ndoa huko London. Handel alikuwa na waimbaji wenye mafunzo makubwa zaidi, naye akampa yeye habari ya aliyekataliwa na watu. Tendo hilo latufundisha alichokithamini: kujua kutamka.

Helen Watts, katika santuri ya Davis, ana maarifa hayo. Hapambi neno kabla ya kulisema, na Davis hana haraka ya kuvijaza vimya. Carolyn Watkinson, kwa Hogwood, anaimba kwa usafi usio na lawama, bali jeraha liko mbali.

Yamkini mtu atasema kwamba fidla za Davis si zile za Handel. Ni kweli. Lakini mtungaji aliyebadili nyimbo zake kufuata vinywa alivyovipata hakutufunga kwa chombo. Alitufunga kwa neno. Mwanafunzi awezaye kupata santuri moja tu na achukue ya Davis. Akipata ya pili, na iwe ya Hogwood, ajifunze jinsi muziki ulivyojengwa. Ya Beecham asiitupe: itamweleza masikio ya babu za Waingereza yalipenda nini, na kwa nini.