Mkono Usio na Haraka

Tangi lilikuwa kwenye mapokezi ya ofisi moja hapa Dar es Salaam, kati ya kochi la wageni na mashine ya maji ya kunywa. Kioo kilikuwa kimeota ukoga wa kijani, pampu ya hewa imenyamaza, na samaki wanne waliobaki walikuwa wametoa midomo juu ya maji wakihema. Wenye ofisi walitaka nafasi. Waliitwa vijana wa kubeba kioo. Mzee mmoja, mzaliwa wa Kigoma, alikuja kwa ajili ya samaki.

Jambo la kwanza alilofanya liliwashangaza wote waliokuwepo. Alichota maji yaleyale machafu, akajaza ndoo mbili, akazifunika ili aondoke nayo. Kijana wa usafi hakuvumilia: "Mzee, maji safi si yapo bombani? Haya yananuka."

"Haya ndiyo waliyoyazoea, mjukuu wangu," akamjibu. "Ukiwatoa humu ghafla, unawaua kwa huruma."

Nimemtazama mzee huyo mara nyingi tangu siku ile, na sijaona ufundi mwingine unaodai utulivu mkubwa hivi na kushukuriwa kidogo hivi. Alichosema kuhusu huruma si methali, ni kemia. Maji yaliyotelekezwa huingia asidi polepole, na humo amonia itokayo kwenye mwili na kinyesi cha samaki hupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Mtu akija na moyo mwema, akamwaga yote na kujaza maji ya bomba, asidi inaondoka kwa mkupuo na masalia ya amonia yanageuka sumu kali. Samaki aliyestahimili miezi ya uchafu anakufa usiku uleule wa kufanyiwa usafi. Wangapi wamekufa hivyo majumbani mwetu, tukasema walikuwa wameshaisha tu?

Wale wanne walikuwa frontosa, samaki wa Ziwa Tanganyika. Frontosa wa Kigoma husifika kwa milia saba, na dume akikomaa huota nundu kwenye paji la uso. Hawa milia yao ilikuwa imefifia, na weupe wa katikati yake umekuwa kijivu. Mapezi yalikuwa yamelika kingo. Mmoja alikuwa na macho makubwa yasiyolingana na mwili wake, na mzee alipomwona alitikisa kichwa bila kusema neno. Baadaye alinieleza: samaki akidumazwa tangu mdogo, mwili husimama lakini jicho huendelea kukua. Hilo halirekebishiki.

Kwake nyumbani aliwamimina kwenye jaba kubwa la plastiki pamoja na maji yao, akaning'iniza ndoo juu yake. Kutoka kwenye ndoo ulishuka mrija wa dripu, ule wa hospitalini wenye kigurudumu cha kupunguzia kasi. Maji ya ndoo yalikuwa yamelala wazi tangu jana yake ili klorini iondoke. Alizungusha kigurudumu, akainamisha sikio, akazungusha tena kidogo, mpaka tone likawa linaanguka, linapumzika, ndipo linaanguka jingine. Kisha akavuta kigoda akaketi, macho kwenye matamvua. Yakianza kupigapiga kwa kasi, anafunga, yakitulia, anafungua. Kiasi kidogo cha maji mapya asubuhi, kidogo jioni, siku baada ya siku. Kutoka kwenye tangi lake la zamani alileta sponji nyeusi, inayoteleza, ambayo mimi ningeitupa jalalani. Humo wamo bakteria wanaoila amonia, na yeye haioshi sponji hiyo kwa maji ya bomba hata kidogo. Huikamua ndani ya maji ya tangi, mara moja, taratibu. Chakula hakuwapa siku za mwanzo. Kwa mapezi alitumia chumvi, akiipima kwa kijiko na kuiyeyusha pembeni kwanza. Dawa za chupa anazo, lakini mkono wake hauzikimbilii.

Sikujua kwamba rangi inaweza kurudi kama alfajiri inavyoingia chumbani, bila mtu kuona ilipoanzia. Siku moja ule ukijivu ulikuwa na samawati ndani yake. Siku nyingine mlia wa karibu na mkia ulikuwa na ukingo.

Ufundi huu unaoonekana wa uani una heshima yake katika historia yetu. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa na furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi sana wametoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza, walichukua furu walio hai wakawalea na kuwazalisha kwenye matangi. Baadhi ya furu walioonekana kupotea ziwani walibaki duniani kwa sababu kuna mtu, mbali kabisa na Mwanza, aliyebadilisha maji kidogo kidogo na kuamka usiku kuangalia pampu.

Nasi wenye maziwa haya tunanunua kiumbe kama tunavyonunua pazia. Tunamweka mapokezi kwa sababu rangi yake inaendana na ukuta, na hatuulizi anakula nini, anakua kufikia wapi, nani atamwangalia sikukuu ofisi ikifungwa. Pampu ikifa, hakuna wa kuipeleka kwa fundi. Najua maisha ni magumu na kila mtu ana haraka zake. Lakini aliyeweza kununua tangi lile hakukosa muda wa kuchota ndoo moja ya maji kwa wiki.

Frontosa akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mzee amevuka sabini. Wajukuu zake huja Jumapili, husimama mbele ya kioo, hupiga picha, kisha huondoka. Nilipomuuliza ni nani atawarithi samaki wale, alinitajia vijana wawili waliowahi kuja kujifunza. Mmoja sasa anauza simu, mwingine alichoka wiki ya pili, alipoambiwa aketi tu atazame matamvua.